Waipa za Land Rover ya zamani: anza nje, mota iwe ya mwisho

Waipa za gari la zamani hufa wakati wa jua, ila msiba wake hujulikana siku mvua ya kwanza inaponyesha. Hapa Malindi mtu anaweza kukaa tangu Januari hadi Machi bila kuigusa swichi ya waipa hata mara moja. Kaskazi inavuma, inaleta vumbi na unyunyu wa bahari, chumvi inajipenyeza kwenye kila mwanya wa chuma, nayo mikono ya waipa imelala pale pale kwenye kioo. Kisha kusi inaingia, mto Sabaki unaanza kuimwagia bahari matope, na jioni moja ukitoka Mambrui, kabla hujafika darajani, mvua inakupiga usoni. Unawasha waipa. Mota inanguruma kidogo nyuma ya dashibodi, mikono inatikisika kama inayotaka kuamka, halafu kimya, na harufu ya kitu kinachoungua.

Yamenikuta. Land Rover Series III niliyoachiwa na mjomba wangu, ile aliyokuwa akibebea samaki kutoka Ngomeni, ilibadilishwa mota mara mbili ndani ya masika moja. Mara zote mbili fundi alitoa mota iliyoungua, akaweka nyingine iliyotumika, akalipwa, akaenda zake. Ya pili haikumaliza wiki tatu. Aliyenionyesha kosa ni mzee mmoja wa kule Barani. Mota hakuishughulikia kabisa. Alitoa mikono ya waipa, akachomoa kebo kwenye mota, kisha akashika shafti inayotokeza chini ya kioo na kujaribu kuizungusha kwa plaisi. Ikakataa. Akaniambia, "Mwanangu, umemfunga punda mguu, halafu wamchapa kwa nini hatembei."

Tangu siku ile nafuata mpango mmoja: naanza nje kwenye kioo, naingia ndani kidogo kidogo, na mota naifungua mwisho. Mwongozo huu unafuata mpango huo, na nakusihi usiruke hatua hata kama una hakika kuwa mota ndiyo iliyokufa. Huenda kweli imekufa. Lakini usipoondoa kilichoiua, utaizika na nyingine.

Gari ninalolizungumzia

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na mota yake ya waipa ni Lucas 14W. Mota hiyo hiyo utaikuta kwenye Mini na MGB za miaka hiyo, kwa hiyo mwenye gari hizo naye asome bila wasiwasi. Sehemu za kufungia na gia ya ndani ndizo zinazoweza kutofautiana. Mwenye Peugeot 504 au Volkswagen ya kobe (Beetle) ana mfumo mwingine, wa vyuma vinavyosukumana badala ya kebo. Nitamtaja mwishoni.

Mfumo unavyofanya kazi

Ukielewa sehemu hii, nusu ya kazi umemaliza. Mota ya 14W huzunguka upande mmoja tu, wala haigeuki na kurudi. Ncha ya amecha yake, yaani ile sehemu inayozunguka ndani ya mota, imechongwa kama skrubu, na skrubu hiyo inazungusha gia moja kubwa ya plastiki ngumu ndani ya giaboksi ndogo ya aloi. Juu ya gia kuna pini iliyokaa pembeni, si katikati. Gia inapozunguka, pini hiyo inasukuma na kuvuta kijiti kifupi, na kijiti kinasukuma na kuvuta kebo.

Kebo hii si ya kawaida. Ni waya mnene uliozungushiwa waya mwingine kwa nje, ukaonekana kama bolti ndefu inayopinda. Inapita ndani ya bomba jembamba la chuma mpaka kwenye visanduku viwili vya gia vilivyo chini ya kioo, kimoja kwa kila waipa. Kila kisanduku kina gia ndogo inayong'ata mizunguko ya kebo. Kebo ikienda, gia inageuka huku. Ikirudi, inageuka kule. Shafti ya gia hiyo ndogo ndiyo inayotokeza nje na kushika mkono wa waipa.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea. Kwa kuwa amecha inazungusha gia kwa skrubu, nguvu hupita upande mmoja tu: mota inaweza kuvuta waipa, lakini waipa haiwezi kuizungusha mota. Ukishika mkono wa waipa na kuulazimisha kwa nguvu, hautaenda hata kama mfumo ni mzima, na unachoweza kupata ni kuvunja meno ya gia ya plastiki. Waambie na wanaokuoshea gari. Wengi wao husukuma mikono ya waipa pembeni ili wafute kioo.

Vifaa

Spana za inchi, kwa sababu bolti nyingi za gari hili si za milimita, bisibisi ya bapa na ya nyota, plaisi, mafuta ya kulegeza kutu, grisi ya lithiamu, msasa laini sana, siki nyeupe, kitambaa kisichotoa nyuzi, mita ya kupimia volti na ampea, au angalau taa ya kujaribia, na mizani ya kuning'iniza, ile ndogo wanayopimia samaki. Ndiyo, mizani ya samaki. Utaona kazi yake.

Kioo, mipira na mikono

Inua mikono na uitazame mipira. Jua letu huukausha mpira upande wa juu ukawa mgumu kama pembe, na ukingo unaogusa kioo unapasukapasuka. Mpira wa namna hiyo haufuti, tena unaongeza mzigo kwa mota kwa sababu unakwaruza badala ya kuteleza. Badilisha. Pima urefu wa ule uliopo kwa rula kabla ya kwenda dukani, kwa maana magari haya yamebadilishwa vitu vingi na huwezi kutegemea kinachosemwa kwa jina la gari peke yake.

Osha kioo kwa maji matamu, kisha futa kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa. Maji ya visima vyetu vingi yana chokaa, na mwenye kuoshea gari maji ya kisima miaka kumi ana utando juu ya kioo asiouona. Pitisha kucha: ikikwaruza, utando upo. Rudia mpaka kucha iteleze.

Ili kutoa mikono, hakikisha kwanza swichi imezimwa na waipa zimelala mahali pake. Weka alama kwenye kioo kwa utepe wa karatasi kuonyesha kila mpira umelala wapi. Kichwa cha mkono kina kiklipu kidogo cha springi upande wa chini. Kisukume kwa bisibisi ndogo huku ukivuta mkono kutoka kwenye shafti. Kama umeganda, weka mafuta ya kulegeza, subiri hadi kesho yake, jaribu tena. Usitumie bisibisi kama mtaimbo dhidi ya bodi: sehemu nyingi za bodi ya Land Rover ni za alumini na hubonyea upesi.

Mkono ukishatoka, chunguza mambo mawili. Springi yake iwe na nguvu ya kuukandamiza mpira kwenye kioo. Na mkono usiwe umepinda. Mpira unatakiwa kusimama wima kwenye kioo ili ulale kidogo ukienda na ulale upande wa pili ukirudi. Mkono uliopindika unaulaza upande mmoja daima, na hapo ndipo unaposikia ule mrindimo wa trrr-trrr wakati wa kurudi. Unyooshe polepole kwa plaisi mbili.

Umeme, kabla ya kufungua chochote

Anza na fyuzi. Series III hutumia fyuzi za kioo za Lucas, na hapa kuna mtego uliounguza nyaya za watu. Fyuzi ya Lucas iliyoandikwa 35 maana yake inakatika kwenye ampea 35. Mzigo inaoweza kubeba muda wote ni ampea 17. Fyuzi nyingi zinazouzwa sasa huandikwa mzigo wa muda wote. Kwa hiyo ukinunua "35" ya sasa ukaiweka mahali pa Lucas 35, umeweka fyuzi yenye nguvu maradufu, na siku ya hatari waya utaungua kabla yake. Tafuta yenye namba isiyozidi 17. Ukiwa hapo, toa fyuzi na usugue vishikio vyake kwa msasa laini. Kijani kibichi unachokiona juu ya shaba ni kazi ya chumvi, na kinatosha kabisa kupunguza umeme.

Sasa plagi ya mota. Ina nyaya tano, na rangi zake, kama hazijabadilishwa na mtu, ni hizi. Waya wa kijani unaleta umeme kutoka kwenye fyuzi ufunguo ukiwashwa. Mwekundu wenye mstari wa kijani hafifu ni wa mwendo wa kwanza. Wa buluu wenye mstari wa kijani hafifu ni wa mwendo wa kasi. Wa kahawia wenye mstari huo huo unashughulika na kuegesha waipa mahali pake unapozima. Mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi na hasi ya betri. Nimesema kama hazijabadilishwa: gari la umri huu limepita mikono mingi, na mimi mwenyewe nilikuta waya wa spika umeunganishwa katikati ya njia.

Washa ufunguo, weka swichi mwendo wa kwanza, na upime volti kati ya waya mwekundu na mweusi plagi ikiwa imeunganishwa na mota inajaribu kufanya kazi. Kupima plagi ikiwa imechomolewa hakutoshi, kwa sababu waya ulioliwa na kutu huonyesha volti 12 nzuri kabisa wakati haubebi mzigo wowote. Linganisha na volti za betri kwa wakati huo huo. Tofauti ikizidi volti 1, umeme unapotea njiani: kwenye swichi, kwenye fyuzi au kwenye ethi.

Ethi ndiyo ninayoishuku kwanza katika pwani hii. Chukua waya mrefu, unganisha hasi ya betri na waya mweusi wa mota moja kwa moja. Waipa zikichangamka ghafla, umepata ugonjwa, na dawa yake ni kufungua pale ethi inapokaza kwenye bodi, kusugua mpaka chuma king'ae, kupaka grisi, na kukaza tena. Pale ambapo kiungo cha shaba na bolti ya chuma vinashikana na alumini, maji ya chumvi huanza kuila alumini yenyewe, na unga mweupe unaouona hapo haupitishi umeme.

Kama volti ziko sawa na bado waipa hazivuti, endelea ndani. Toa waya wa hasi wa betri kwanza.

Kebo na mizani ya samaki

Chomoa plagi ya mota. Legeza nati kubwa inayoshika bomba kwenye giaboksi, kisha fungua bolti mbili za mkanda unaoishika mota. Sasa vuta mota polepole: inatoka pamoja na kebo yake, ikichomoka kutoka kwenye bomba kama upanga kwenye ala. Kama kebo inakataa kutoka, tayari umejua tatizo liko wapi.

Ikitoka, ifute na uitazame kwa urefu wake wote. Grisi ya zamani huwa imegeuka kitu kama lami iliyochanganyika na mchanga. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, paka grisi mpya kiasi, kisha irudishe ndani ya bomba bila ya kufunga mota. Ili uweze kupima, fungua kifuniko cha giaboksi, skrubu nne, utoe ile klipu ya duara iliyo juu ya pini ya gia, pamoja na washa yake (kile kipete bapa), halafu inua kijiti. Shika washa iliyo chini ya kijiti isianguke. Kebo sasa iko huru.

Funga mizani ya samaki kwenye kichwa cha kebo na uvute taratibu, mikono ya waipa ikiwa imetolewa. Kebo inatakiwa kuanza kwenda kabla mizani haijafika kilo 2.7. Hicho ndicho kipimo cha mafundi wa gari hizi, ratili 6 za Kiingereza, na sijaona kipimo cha bei rahisi zaidi kinachosema ukweli namna hii. Ile Land Rover ya mjomba ilifika kilo 9 na kebo haijasogea.

Ikizidi 2.7, sababu ni tatu: bomba limepondeka au limepindwa kwa kona kali mno, kisanduku cha gia kimekazwa vibaya na kinaibana kebo, au shafti imeganda ndani ya bushi yake, yaani tundu inamozungukia. Hii ya tatu ndiyo yetu.

Visanduku vya gia na shafti zilizoganda

Hapa tusifanye haraka, maana nje ya mji wa chumvi watu hupita sehemu hii kwa dakika tano, sisi inaweza kutuchukua siku mbili.

Nje, kila shafti imeshikwa na nati, chini yake kuna pete na raba ya kuzuia maji. Raba hizo zikikauka, maji ya mvua na ya kuoshea gari yanateremka kwenye shafti hadi ndani, yanabeba chumvi, yanakauka, yanaacha chumvi. Mwaka hadi mwaka shafti ya chuma na ganda la aloi vinashikana. Loweka kwa mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Siku ya pili, mimina maji ya moto sana juu ya ganda kutoka kwenye birika. Aloi hutanuka kuliko chuma, na mwanya mdogo hufunguka wa kuingizia mafuta. Mtu asikushauri kutumia moto wa gesi ya kulehemu, kwa sababu aloi hiyo huyeyuka mapema na rangi ya bodi itaungua.

Fungua nati, kisha ingia chini ya dashibodi ufungue bamba la nyuma la kila kisanduku. Angalia miisho ya bomba ilivyokaa kabla ya kulitoa. Piga picha kwa simu. Toa kisanduku chote. Sasa kwenye meza, zungusha shafti kwa plaisi iliyofungwa kitambaa, huku na kule kidogo kidogo, ukiongeza mafuta. Ikianza kusogea usiichomoe upesi, endelea mpaka izunguke kwa vidole. Ndipo uitoe, uisugue kwa msasa laini mpaka ing'ae, usafishe tundu lake, na uirudishe na grisi. Shafti iliyoliwa mashimo na kutu haifai, kwa kuwa itakula raba mpya na bushi. Tafuta kisanduku kingine.

Kabla ya kufunga, tazama meno ya ile gia ndogo. Kwa kuwa waipa haizunguki mduara mzima, meno ya upande mmoja tu ndiyo yanayofanya kazi, na hayo ndiyo huliwa. Geuza gia nusu mzunguko, upande wenye meno mapya ukutane na kebo. Umejipatia kisanduku kipya bila ya senti. Meno yaliyolika ndiyo sababu ya ule mchezo wa mkono wa waipa kuyumba kwa upepo na kugonga ukingo wa kioo, kwa hiyo kama gari lako lina tatizo hilo, huenda hapa ndipo safari yako inapoishia.

Weka raba mpya, paka grisi chini yake, funga visanduku lakini usikaze mabamba mpaka mwisho. Ingiza kebo, iende na kurudi mara kadhaa ili visanduku vijipange vyenyewe na bomba, ndipo ukaze. Pima tena kwa mizani. Yangu ilishuka kutoka kilo 9 hadi chini ya 2.

Sasa mota

Ipeleke mezani, penye mwanga, weka gazeti safi. Mota hii ina sumaku za kudumu ndani ya ganda lake, na sumaku hizo zitavuta kila unga wa chuma ulio karibu. Usiifungue kwenye benchi ambalo mtu ametoka kukata chuma.

Jaribu kwanza ikiwa peke yake, bila kebo. Peleka chanya ya betri kwenye pini ya waya mwekundu na hasi kwenye pini ya waya mweusi, ukiweka mita ya ampea katikati. Baada ya dakika moja, mota nzima huvuta kama ampea 1.5 na gia yake kuzunguka kati ya mara 46 na 52 kwa dakika. Kwa pini ya buluu huvuta kama ampea 2, na gia kuzunguka kati ya 60 na 70. Hesabu kwa saa, ni rahisi. Ikifika hapo, mota yako ni nzima, haina kosa lolote, na fedha ulizotaka kununulia nyingine weka mfukoni.

Ikivuta ampea nyingi na kuzunguka polepole, au ikizunguka kwa kusitasita, fungua. Chora mstari kwa msumari kuvuka ganda la mota na giaboksi kabla ya kulegeza bolti mbili ndefu. Mstari huu si urembo: ganda likirudishwa limegeuzwa nusu mzunguko, sumaku zinabadilishana upande na mota itazunguka kinyume. Vuta ganda na amecha, ukivuka mvuto wa sumaku kwa mkono thabiti.

Ndani utakuta kaboni tatu, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye amecha. Mbili ni za kawaida, na ya tatu, ya mwendo wa kasi, imechongwa nyembamba kwenye ncha. Kaboni za kawaida zikibaki milimita 4.8 au chini, badilisha. Ya tatu badilisha ncha yake nyembamba ikiisha, ikawa inagusa kwa upana wake wote. Kaboni zilizokwama kwenye vishikio kwa vumbi na grisi huonekana zimekufa kumbe zinahitaji kusafishwa tu. Zisukume kwa kidole, zirudi zenyewe kwa springi.

Komutata, yaani ile sehemu ya shaba inayoguswa na kaboni, isafishe kwa msasa laini wa kawaida. Usitumie kitambaa cha emeri, kwani chembe zake hubaki kwenye mifereji kati ya vipande vya shaba na zinaweza kupitisha umeme. Kisha pitisha kijiti cha kiberiti kilichochongwa kwenye kila mfereji. Kama nyaya za amecha zimegeuka nyeusi na zina harufu ya kuungua, mpelekee fundi wa kusuka mota. Huko mimi siingii.

Giaboksini, futa grisi yote ya zamani. Chini ya gia kubwa kuna washa iliyobonyea kama kisahani: upande wa bonde uelekee gia. Kabla ya kuitoa gia, piga msasa ncha ya shafti yake kwani kingo zake huwa kali na zikipita kwa nguvu zitachuna tundu. Ukilazimika kununua gia nyingine, soma digrii zilizopigwa chapa juu yake, kwa mfano 110 au 130. Namba hiyo ni upana wa safari ya mkono kwenye kioo. Gia yenye digrii nyingi zaidi itaipeleka waipa nje ya kioo, igonge fremu kila mara inapopita.

Rudisha kwa kinyume. Kaboni zishike nyuma kwa uzi mgumu wakati amecha inaingia, kisha vuta uzi. Tone moja la mafuta mepesi kwenye kila bushi, grisi kwenye meno ya gia, pini na kijiti, na kaboni zisiguswe na hata harufu ya grisi. Kama mota yako ina skrubu ya kurekebisha mwishoni mwa amecha, ikaze mpaka uhisi imegusa, irudishe robo ya mzunguko, kisha kaza nati yake ya kufungia.

Kuegesha, ndipo mikono

Funga mota garini, unganisha kebo, plagi na betri. Mikono ya waipa bado iwe mezani. Washa mwendo wa kwanza nusu dakika, kisha zima kwa swichi ya waipa, usizime kwa ufunguo. Mota itaendelea kidogo mpaka swichi ndogo iliyo ndani ya giaboksi ikate umeme na kuifunga breki. Hapo ndipo mahali pa kuegesha. Sasa weka mikono kwenye shafti ukifuata alama za utepe. Anayeweka mikono kwanza na kuwasha baadaye atashangaa waipa zikigongana katikati ya kioo.

Kama mota haisimami mahali pamoja, au inasimama tu palipozimwa, tazama waya wa kahawia na swichi hiyo ndogo. Mara nyingi ni uchafu kwenye vigusio.

Mimina ndoo ya maji kwenye kioo, washa, mtu mwingine aendelee kumimina. Usijaribu kwenye kioo kikavu. Tazama upana wa safari, kasi zote mbili, na usikilize.

Kwa wenye 504 na kobe

Kwenu kanuni ni ile ile, nje kwanza. Tofauti ni kwamba badala ya kebo mna vijiti vya chuma vyenye viungo na bushi za plastiki, na bushi hizo ndizo hufa: waipa zinacheza, zinagonga, au moja inakwenda nyingine imelala. Shafti zenu huganda kama zetu na hulowekwa vile vile. Mwenye kobe ambaye maji ya kuoshea kioo hayatoki akague pia upepo wa tairi la akiba, kwa sababu magari mengi ya aina hiyo husukuma maji ya kioo kwa upepo wa tairi hilo.

Baada ya wiki moja

Raba mpya za shafti hulala kidogo zikishapata jua, na nati za nje hulegea. Zikaze tena kwa mkono mwepesi. Kisha, kiangazi chote, kila Ijumaa unapoosha gari, mwagia kioo maji matamu na washa waipa dakika moja. Ukisafiri miezi, inua mikono isiguse kioo, na mwachie mtu ufunguo aje kuwasha.